Sanamu na Mwamba Wake
Mwalimu awapelekaye wanafunzi Tengenenge, kaskazini mwa Zimbabwe, kijiji cha wachongaji kilichoanzishwa mwaka 1966, asiishie kwenye sanamu zilizopangwa uwanjani. Jiwe lichongwalo sana hapo ni serpentini ya Great Dyke, mwamba wenye urefu wa kilometa 550 hivi. Na watembee hata vilima vya mwamba huo, wajionee: nyasi tele, miti haba. Kwa nini? Udongo utokanao na serpentini una magnesiamu na nikeli nyingi, lakini kalsiamu kidogo. Mimea mingi haiustahimili. Ugumu wa jiwe upimwe kwa kukwaruza kigae kwa kisu, nacho kigae kiwe kimelowa maji kabisa, kwani vumbi la serpentini huweza kuwa na nyuzi za asbesto, ziharibuzo mapafu. Tupa wasiguse.