Kusomea Uzalishaji wa Kilimo Chuoni: Anayojifunza Kijana na Kazi Zinazofuata

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, mjadala wa aina moja huzuka katika nyumba nyingi za kata. Kijana amepata alama za wastani, mzazi ana mbuzi wawili wa kuuza ili kupata ada, na chuo cha kilimo hutajwa mwisho, baada ya vingine vyote kukosekana. Husemwa: "Kulima hata babu yake alilima, bila cheti."

Kauli hiyo ina ukweli wake, kwani babu alilima na familia ikala. Lakini babu alikuwa na ardhi ya kutosha kupumzisha shamba, wala hakupambana na viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa kuingia nchini mwaka 2017. Mjukuu anarithi ekari moja iliyochoka, naye anatakiwa kuvuna humo zaidi ya alichovuna babu. Hapo ndipo elimu ya chuo inapohitajika.

Kupima kabla ya kutenda

Mwanafunzi wa uzalishaji wa kilimo husoma udongo, mbegu, mbolea, wadudu na magonjwa ya mimea, umwagiliaji, hifadhi ya mazao, utunzaji wa hesabu za shamba na mbinu za ugani. Sehemu kubwa ya masomo hufanyika shambani. Msingi wa yote ni mmoja: kupima kabla ya kutenda.

Chukua mfano wa mahindi. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Nafasi ikiwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mmea mmoja kila shimo, ekari hubeba karibu mashina 18,000. Anayepanda kwa kukadiria akaacha sentimita 90 kwa 60, mmea mmoja kila shimo, hupata mashina yasiyofika 7,500. Wote wawili wamelima na kupalilia ekari ile ile, lakini mmoja amepoteza zaidi ya nusu ya mashina kabla mvua haijanyesha.

Mfano wa pili ni mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa uzito huo huo wa CAN una takriban kilo 13. Asiyejua tofauti hiyo hulinganisha bei za mifuko, akadhani amenunua chakula kilekile cha mmea. Vivyo hivyo ghalani: mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 hivi huwa katika hatari ya kuota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu inayoweza kudhuru ini na hata kuua. Kwa hiyo mtaalamu hulinda mavuno, na hulinda pia afya ya walaji.

Kazi zinazofuata

Kazi inayofahamika zaidi ni ya Afisa Kilimo Msaidizi, yaani mgani wa kata au kijiji. Ajira hizo hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ni vyema kusema wazi kwamba nafasi ni chache kuliko waombaji, na cheti pekee hakimhakikishii mtu ajira.

Zipo njia nyingine. Mashamba makubwa ya miwa, chai, mkonge na maua huhitaji wasimamizi wa uzalishaji. Kampuni za mbegu huhitaji wasimamizi wa mashamba ya mbegu, na vituo vya utafiti huhitaji mafundi wa majaribio. Vyama vya ushirika vinahitaji watu wanaojua ubora wa mazao. Duka la pembejeo nalo ni kazi ya kitaalamu: muuzaji wa mbegu husajiliwa na TOSCI, wa mbolea hupewa leseni na TFRA, na wa viuatilifu hupata kibali cha TPHPA. Wengine huanzisha vitalu vya miche ya parachichi au mboga na kuiuza kwa majirani.

Kwa vijana wanaotaka kujiajiri kwa vikundi, ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo hutolewa na maafisa maendeleo ya jamii.

Njia ya kuingia chuoni

Mhitimu wa kidato cha nne huanza ngazi ya 4 ya tuzo za ufundi, hupanda ngazi ya 5, yaani astashahada, kisha ngazi ya 6, yaani stashahada. Safari nzima huchukua miaka mitatu. Kwa kawaida huhitajika ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo ya sayansi. Mwenye stashahada yenye wastani usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Vyuo vya Wizara ya Kilimo vipo sehemu nyingi, vikiwamo Uyole mkoani Mbeya, Ukiriguru Mwanza, Ilonga Morogoro, Tumbi Tabora na Mlingano Tanga. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kilimo na mifugo zikiwamo.

Kabla ya kuuza mbuzi

Mzazi anashauriwa kufanya mambo matatu kabla ya kulipa ada yoyote. Kwanza, ahakikishe chuo na programu vimo katika Mwongozo wa Udahili wa NACTVET, kwani cheti cha chuo kisichosajiliwa hakitambuliki. Pili, aulize chuo kina shamba la mafunzo la ukubwa gani na wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo. Tatu, amfikishe kijana kwa afisa kilimo wa kata, afuatane naye shambani walau siku moja. Kijana akirudi jioni na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo, mbuzi hao watakuwa wameuzwa kwa jambo la maana.