Mkandaa

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, mahali mito ikutanapo na bahari, iko miti ya namna nyingi ambayo mgeni huiita yote mikoko. Mtu wa pwani huibagua: mchu, mkoko na mkandaa, kila mmoja una jina lake na kazi yake.

Mkandaa ni mti mdogo. Majani yake ni manene, yang'aa, wala hayapukutiki yote kwa wakati mmoja, hata mti ukawa mbichi mwaka mzima. Huota upande wa bara, nyuma ya mikoko, penye tope lifikiwalo na maji ya bamvua.

Mbegu yake huota ingali juu ya mti. Huchomoza kijiti cha kijani chenye mifuo, urefu wake kama shibiri, kikaning'inia. Kikiisha komaa hudondoka. Pengine huchoma topeni papo hapo; maji yakiwa yamejaa, huelea na kuchukuliwa na mkondo.

Gome lake likilowekwa hutoa rangi nyekundu, nayo wavuvi walitilia nyavu zao zisioze upesi. Kabla ya vita vya 1914, wakati wa Wadachi, magome ya miti ya jamii hii yalipelekwa Ulaya kutengenezea ngozi. Lakini mti uliochunwa gome pande zote hufa ungali umesimama.

Mti wenyewe ni mgumu na mzito, hufaa kwa fito na boriti. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani vyumba vya nyumba za mawe ni virefu lakini vyembamba. Dari ya mawe na chokaa ililazwa juu ya boriti, na chumba hakikuweza kupita urefu wa boriti. Basi miti ya kinamasi ndiyo iliyompimia tajiri upana wa nyumba yake! Majahazi nayo yalirudi Arabuni na kusi yakiwa yamepakia boriti, kwa kuwa huko miti ya kujengea ni haba.

Sasa liko jambo ambalo mkata fito hana budi kulijua. Mchu ukikatwa, kisiki huchipua. Mkandaa ukikatwa chini hauchipui. Kiurudishacho ni vile vijiti tu, na vijiti hutoka kwa miti mikubwa iliyoachwa. Tena hukua polepole sana. Mahali palipofyekwa pote, jua hulikausha tope, chumvi huzidi, na kijiti kiletwacho na maji hakishiki.

Apandaye mkandaa huokota vijiti vilivyokomaa chini ya mti mama, akavichomeka topeni wakati maji yamekupwa, ncha yake chini na kichwa juu.