Kisima Kimoja, Wenye Kiu Watatu

Mara ya kwanza kuongoza mchezo wa kuigiza wa mezani hapa Garissa, niliandika kurasa kumi na mbili: ngome, theluji, mfalme aliyelaaniwa. Wachezaji wanne waliketi mkekani baada ya Isha, wakasikiliza kwa adabu, na nilipouliza, "Haya, mnafanya nini?" wakatazamana. Juma lililofuata nikaja na kikaratasi kimoja. Ni Jilaal, kiangazi cha Januari hadi Machi. Kisima kimoja tu ndicho chenye maji. Wanaokitaka ni watatu. Usiku huo hakuna aliyeshika simu.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kila mchezaji huchukua mhusika na kumsemea, mmoja huwa msimulizi anayewasemea watu wengine wote, na penye shaka dadu huamua. Ulianza kuenea kutoka Marekani, Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, na ndiyo maana vitabu vyake vimejaa ngome na mazimwi. Hulazimiki kuvifuata.

Andaa haja za watu, hadithi itakuja yenyewe. Kwa kila mtu wa kisimani huandika mambo matatu: anataka nini, asipokipata atafanya nini, anamwogopa nani. Mzee ambaye babu yake ndiye aliyekichimba anataka ngamia wake wanywe kwanza. Mama mwenye mbuzi thelathini hawezi kungoja hadi kesho. Dereva wa lori la ng'ombe analiwahi soko la Garissa, na fedha anazo mkononi. Wachezaji ndio waliokabidhiwa kamba na ndoo. Mwisho usiuandike. Wakiamua kuwaita wazee wakae chini ya mti kwa maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, basi kesi hiyo ndiyo kikao chako chote.

Ukikosa wazo, nenda soko la mifugo asubuhi usimame karibu na madalali. Utawaona wawili wamefunika mikono kwa kitambaa, bei inatajwa kwa vidole, na waliowazunguka hawajui kitu. Njia hii nimeihamishia mkekani hivyo hivyo: wachezaji wawili wakijadiliana bei, mikono huingia chini ya shuka, na wenzao husoma nyuso tu. Hakuna dadu inayoleta msisimko kama huo.

Kisha mketie ayeyo, yaani bibi kwa Kisomali. Mwombe akusimulie Dhegdheer, yule mla watu mwenye sikio refu anayesikia nyayo kutoka mbali, au Qori Ismaris, mtu anayejisugua kwa kijiti usiku akageuka fisi. Itafute nguvu ya kiumbe, uifanye kanuni ya mchezo. Dhegdheer akiwa karibu, sote tunanong'ona. Anayepaza sauti mkekani, hata kwa kuomba sukari, amesikika. Nimemwona kijana mzima akijiziba mdomo kwa kofia ili asicheke.

Dadu ya pande 20 ni adimu. Andika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, vitie kikombeni, na kila kinachochotwa kirudishwe kabla ya mwingine kuchota. Wahusika wawe vijiwe, kama wachungaji wanavyocheza shax, mchezo wa vijiwe, mchangani.

Yapo ya kuacha. Usitaje koo za kweli, wala usigeuze mashambulizi yaliyoupata mji huu kuwa mchezo. Aliyeketi mbele yako huenda alizika mtu. Mafuriko ya mto Tana pia nayagusa kwa uangalifu. Uliza kabla ya kuanza, kila mtu peke yake, jambo gani asingependa kulisikia.

Na usimalize kikao mambo yakiwa yametulia. Simamisha ndoo ikiwa katikati ya kisima, kamba inakatika uzi mmoja mmoja, mama na mzee wote wameishika. Hapo mimina chai ya maziwa ya ngamia, uwaulize juma lijalo wanakusudia nini. Andika majibu yao kabla hujalala: maandalizi yako nusu yameshakwisha.