Umeme Wajuaje Chumvi ya Kisima?

Ndugu Wanachama,

Wengi wakiona maji ya kisima yakipimwa kwa kipimo cha umeme huuliza: umeme wajuaje chumvi? Jawabu ni hili. Chumvi itiwapo majini, chembe zake huachana: sodiamu yenye chaji chanya, na klorini yenye chaji hasi. Kipimo kikitumbukizwa, hizi huvutwa huku na zile kule, na mwendo huo ndio upitishao umeme. Sukari nayo huyeyuka, lakini chembe zake hubaki nzima, hazina chaji. Basi umeme haupati wa kuuchukua. Svante Arrhenius wa Uswidi alianza kulieleza jambo hili mwaka 1884, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1903.

Faida yake kwetu ni hii. Kisima cha karibu na pwani huweza kuingiwa na maji ya bahari, na chumvi nyingi huunguza miche ya mikarafuu. Namba ikipanda sana, usimwagilie kitaluni.

Walakini tahadharini: namba ndogo si dalili ya usafi. Vijidudu vya maradhi kipimo hakivioni. Maji ya kunywa yachemsheni.

Wenu,
Katibu