Safari ya Yordani: Maji Katika Nchi Kavu

Katika somo la leo tutasafiri pamoja, msomaji na mimi, katika nchi ya Yordani, ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa. Wageni wengi huizuru nchi hiyo kwa makundi. Watu 15 au 20 hukodi basi moja, wakachukua dereva na kiongozi mwenyeji, wakaanzia Amman, ndio mji mkuu, na kumalizia Aqaba penye bahari. Wengi hurudi kwao wakisimulia habari za mawe tu. Sisi tutatazama maji, kwa kuwa pasipo maji mawe yale yasingalisimamishwa.

Ukiwa Amman, inua macho utazame juu ya mapaa ya nyumba. Kila paa lina matangi. Sababu yake ni kwamba katika mitaa mingi maji ya bomba hayafunguliwi kila siku, bali siku moja au mbili tu kwa juma. Mwenye nyumba hujaza matangi yake, kisha watu wa nyumbani huyatumia kwa hesabu mpaka zamu yao irudi.

Karibu kilomita 50 kaskazini ya Amman yako magofu ya Jerash, mji uliositawi zamani za Warumi. Pana lango lililojengwa kwa heshima ya Kaisari Hadrian, na njia ndefu yenye nguzo kila upande, tena pana chemchemi ya kujengwa kwa mawe, ambayo maji yake yaliletwa kwa mifereji. Tetemeko la nchi la mwaka 749 liliuharibu mji huo. Ni mahali pazuri, lakini tusikawie.

Basi hugeuka kusini na kuifuata Njia ya Mfalme, ambayo jina lake limo katika Torati, pale Musa alipoomba ruhusa kupita katika nchi ya Edomu. Barabara hushuka makorongo na kuyapanda tena. Mtu ashikwaye na kichefuchefu garini na akae viti vya mbele.

Sasa twafika Petra, mji wa Wanabatea, Waarabu wa kale waliotajirika kwa biashara ya ubani na manukato. Mji wao uliingizwa katika dola ya Rumi mwaka 106. Mlango wake ni ufa katika mwamba, uitwao Siq, wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Kuta zake ni ndefu sana, na mahali pengine upana haupiti mita 3. Mwisho wa ufa huo mgeni hukutana na jumba lililochongwa katika jiwe lenyewe, lenye kimo cha mita 40 hivi. Waarabu wa jangwani waliliita Hazina, wakaupiga risasi mtungi ulio juu yake, wakidhani umejaa dhahabu. Mtungi ule ni jiwe tupu.

Mimi naona hazina ya kweli iko njiani, ubavuni mwa ufa, nao wengi huipita bila kuitazama. Upande mmoja wamechonga mfereji katika mwamba, na upande wa pili walilaza mabomba ya udongo wa kufinyangwa. Hayo yalileta maji ya chemchemi mpaka mjini. Pia Wanabatea walijua kwamba mvua ikinyesha milimani, maji yote hutafuta ufa ule ule. Basi wakaziba mdomo wake kwa boma, wakatoboa mlima kwa njia ya chini kwa chini ya karibu mita 90, ili mafuriko yazunguke upande mwingine. Mji ulipoachwa, boma lilibomoka, na hakuna aliyelitengeneza.

Mwezi wa Aprili 1963 mahujaji kutoka Ufaransa waliingia katika Siq. Mafuriko yakawakuta humo ndani, kuta huku na kuta huku, hapana pa kukimbilia. Watu zaidi ya 20 walikufa maji. Mwaka uliofuata boma lilijengwa upya, pale pale Wanabatea walipoliweka. Hata hivyo hatari haikuisha: mwezi wa Novemba 2018 mafuriko yaliua watu wasiopungua 12 katika Yordani, na maelfu ya wageni wakaondolewa Petra kwa haraka. Kwa hiyo kiongozi akikataa kuingia korongoni, kundi lisishindane naye, hata kama mbingu juu yao ni nyeupe. Mvua yenyewe huenda inanyesha mbali.

Kusini zaidi ni jangwa la Wadi Rum, lenye milima ya mawe mekundu na mchanga. Mvua ni haba, lakini chemchemi zipo. Jiwe la juu ni la mchanga, nalo hunywa maji. Jiwe la chini ni gumu, haliyapitishi. Maji yakifika hapo hutokea ubavuni mwa mlima. Karibu na chemchemi hizo wasafiri wa zamani waliandika majina yao juu ya miamba.

Tena chini ya jangwa hilo, mahali paitwapo Disi, kuna maji mengi sana ya mvua za maelfu ya miaka iliyopita, na mvua za siku hizi hazitoshi kuyarudisha. Tangu mwaka 2013 yanavutwa kwa bomba lenye urefu wa kilomita 325 hivi, yakipelekwa kaskazini mpaka Amman, kwenye matangi yale tuliyoyaona juu ya mapaa.