Tusome Plagi Kabla ya Kutoa Hela

Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai hapa Majengo, mjini Sumbawanga, baridi ni kali. Mji wetu uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Wakati huo magari madogo yaliyotembea sana huonyesha hali yao. Dereva anapiga stata, injini inakohoa, inazima. Abiria wanashuka kusukuma. Pengine ndani yumo mama mgonjwa anayewahi hospitali.

Mara watu wanasema, "Injini imekufa hiyo, inunuliwe nyingine." Huenda ni kweli. Lakini kabla hatujauza ng'ombe, tutazame kwanza kitu kidogo kinachoitwa plagi.

Plagi hufanya kazi gani?

Plagi huwasha petroli ndani ya injini kwa cheche ya umeme. Injini yenye silinda nne kwa kawaida ina plagi nne. Ncha ya plagi ina vyuma viwili vilivyoachana kidogo sana, kama milimita 1 hivi. Cheche huruka katika nafasi hiyo.

Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila plagi hutakiwa kuwasha moto mara 1,000. Kila cheche hula chuma kidogo. Siku zikipita, ncha inakuwa mviringo na nafasi inapanuka. Cheche inashindwa kuruka vizuri. Hapo injini hutetemeka, gari huishiwa nguvu mlimani, na petroli nyingine hutoka bila kuungua. Hiyo ni hela yetu inayotoka kwa bomba la moshi.

Plagi za kawaida hubadilishwa baada ya kilomita 20,000 hadi 30,000. Zile zenye ncha nyembamba ya madini ya iridi huweza kufika kilomita 100,000. Injini ya dizeli, kama ile ya mashine nyingi za kusaga, haina plagi za cheche. Pikipiki nyingi zina plagi moja, na somo hili linaifaa pia.

Namna ya kubadilisha

1. Zima injini, ngoja ipoe kabisa. Ukifungua plagi injini ikiwa ya moto, unaweza kuharibu hesi, yaani ile mistari ya kuzunguka kama ya skrubu. Umeme wa plagi ni maelfu ya volti, kwa hiyo usishike waya wake injini ikiwaka.

2. Puliza vumbi lote pembeni mwa plagi. Vumbi la barabara zetu likiingia kwenye silinda litakwangua injini.

3. Fungua plagi moja, weka mpya, kisha nenda ya pili. Ukichomoa nyaya zote kwa pamoja unaweza kuzichanganya. Panga plagi kuukuu kwa mfuatano, usizitupe.

4. Pima nafasi ya plagi mpya. Kitabu cha gari ndicho kinachosema iwe ngapi. Zile za iridi usizigonge ncha wala usizisugue kwa brashi ya chuma.

5. Anza kufunga kwa vidole. Ikigoma, itoe, uanze upya. Ikikaa, malizia kwa spana ya plagi. Plagi mpya yenye washa huongezewa nusu mzunguko au zaidi kidogo, basi. Usikaze kama unafunga jembe la kukokotwa na ng'ombe!

Sasa tusome

Zichukue zile plagi kuukuu, uangalie rangi ya ncha.

Kahawia hafifu au kijivu: injini inaungua vizuri.

Nyeusi, kavu, yenye masizi: petroli ni nyingi au hewa ni kidogo. Angalia chujio la hewa, maana vumbi huliziba.

Nyeusi yenye mafuta: oili inaingia kwenye silinda. Plagi mpya itasaidia siku chache tu. Ugonjwa uko ndani, pengine ringi za pistoni zimechoka.

Nyeupe sana: injini inapata moto kupita kiasi. Usiendelee na safari ndefu kabla fundi hajaangalia.

Kama tatu ni kahawia na moja ni nyeusi, shida iko kwenye silinda ile moja. Ndiyo sababu tuliambiwa tuzipange.

Dukani pia tusome. Kila plagi ina herufi na namba. Linganisha na zile za kitabu cha gari, moja baada ya moja. Usikubali kuambiwa "hizi zinafanana tu." Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni.

Ndugu msomaji, hata kama huna spana, macho unayo na kusoma unajua. Ukimpelekea fundi gari, mwombe kwa heshima akuonyeshe plagi alizotoa. Fundi mzuri hatachukia. Mtaelewana mapema kama kazi ni ya plagi nne au ni ya injini nzima.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tufungue plagi moja moja?
2. Plagi yenye mafuta inatuambia nini?
3. Tazameni plagi ya pikipiki moja kijijini kwenu. Ina rangi gani, na namba gani?