Nyumbani Kunatudai: Amri ya Nne kwa Kijana Aliyeko Ughaibuni



Wapendwa vijana wenzangu, somo la leo nimeliandika nikiwafikiria hasa ninyi mlio mbali. Wewe unayesoma haya kwenye basi ukienda shifti ya usiku huko Toronto. Wewe dada unayefanya kazi za ndani Muscat. Wewe mwanafunzi wa Warszawa unayehesabu siku za viza. Lakini hata wewe uliyebaki nyumbani na una kaka au shangazi majuu, usiondoke. Somo hili linakuhusu pia.

Kabla ya kuendelea, chukua Biblia yako usome Neh 1–2 na 5, Yer 29:4-7, Mk 7:9-13 na 2Kor 8:12-21.

Swali letu ni hili: kijana aliyeondoka nchini kwao bado anadaiwa nini na nchi hiyo? Majibu tunayoyasikia ni matatu. Wa kwanza anasema, "Mimi natuma hela kila mwezi, nimemaliza." Wa pili anasema, "Nchi haijanifanyia kitu, sidaiwi." Wa tatu hasemi chochote. Anaona aibu, hapokei simu za nyumbani, kwa sababu hana alichofanikiwa. Tuwasikilize wote watatu, halafu tuone imani yetu inasema nini.

1. Deni hili linatoka wapi?

Linatoka katika Amri ya Nne. Wengi tuliikariri kwenye katekesimu kama amri ya baba na mama tu. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK 2199) inaipanua hadi kwenye wajibu wa raia kwa nchi yao, na namba 2239 inafundisha kwamba kuipenda na kuitumikia nchi kunatokana na shukrani na ni sehemu ya mapendo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaeleza sababu (Summa, sehemu ya pili ya II, swali la 101). Baada ya Mungu, anasema, walio chanzo cha uhai na malezi yetu ni wazazi na nchi. Kwa hiyo kuna fadhila ya kuwaheshimu na kuwahudumia hao. Kwa Kilatini inaitwa *pietas*. Ukikumbuka mafundisho ya Kipaimara, katika mapaji saba ya Roho Mtakatifu kuna paji la jina hilo hilo. Tunaliita *ibada*. Kumbe anayemuombea mwalimu wake wa zamani na kukumbuka kijiji chake yuko jirani kabisa na ibada!

Na angalia: Thoma anapotaja nchi anawaza watu, yaani raia wenzetu. Hasemi serikali. Serikali zinakuja na kuondoka, na nyingine zinaumiza watu. Anayesema "nchi haijanifanyia kitu" mara nyingi ana hasira na ofisi fulani, na huenda ana haki ya kuwa na hasira. Lakini nesi wa zahanati aliyekuchoma chanjo, je? Mwalimu wa darasa la tatu aliyekaa miezi bila mshahara akaendelea kukufundisha? Bibi aliyekushika mkono ukajifunza Ishara ya Msalaba? Lugha unayoota nayo usiku ulinunua wapi?

Hapa falsafa inatusaidia kidogo. Aristotle aliona kwamba kuna madeni ya aina mbili. Ukikopa shilingi elfu hamsini, unalipa elfu hamsini, biashara imekwisha. Lakini deni kwa wazazi halilipiki lote. Anayewaheshimu kwa kadiri ya uwezo wake huhesabiwa kuwa mwema. Deni la nyumbani ni la aina hii ya pili. Ndiyo maana yule wa kwanza hawezi kusema "nimemaliza", na yule wa tatu hana haja ya kujificha. Hakuna aliyemaliza, na hakuna anayedaiwa zaidi ya uwezo wake.

2. Mahali ulipo pana haki yake

Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishiwa Babeli. Walitegemea kusikia kwamba watarudi karibuni. Yeye akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wautafutie amani mji ule na kuuombea. Yaani, usiishi miaka kumi na begi mlangoni.

Kanisa linafundisha hivyo hivyo. KKK 2241 inazitaka nchi zenye uwezo zimpokee mgeni, na inamtaka mgeni aheshimu kwa shukrani urithi wa nchi iliyompokea, atii sheria zake na kushiriki kubeba mizigo yake. Kwa hiyo kulipa kodi huko, kujiunga na parokia ya huko, kuimba kwenye kwaya ya huko, si usaliti. Anayewachukia wenyeji wake eti kwa kuipenda nchi yake hajaielewa pietas. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu kumbukumbu na utambulisho, alitenganisha uzalendo na utaifa: uzalendo hupenda kwao na kuyaheshimu mataifa mengine, lakini utaifa hujali haki za kwao tu.

3. Nehemia, mwana ughaibuni aliyefanikiwa

Nehemia alikuwa na kazi nzuri. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, katika himaya ya Uajemi. Leo tungesema ametoboa. Tumfuate hatua kwa hatua.

*Aliuliza.* Ndugu yake Hanani alipofika kutoka Yuda, Nehemia alimuuliza habari za watu na za Yerusalemu. Hakuuliza kwa mazoea, "nyumbani hawajambo?", akapita. Alitaka ukweli, na ukweli ulikuwa mbaya: ukuta umebomoka, malango yameungua. Aliketi akalia.

*Aliomba.* Ukihesabu kutoka mwezi wa Kisleu hadi Nisani, ni kama miezi minne ya sala kabla hajasema neno kwa mfalme. Na katika sala yake hakusema "wao wametenda dhambi". Alijihesabu ndani: sisi, mimi na nyumba ya baba yangu. Wengi tukifika majuu tunaanza kusema "Waafrika bwana, hawabadiliki", kana kwamba sisi tumekuwa kabila jingine.

*Alitumia nafasi aliyokuwa nayo.* Aliomba ruhusa, barua za kupitia mikoani, na mbao kutoka kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme. Hakuacha kazi kwa hasira ili aende kuokoa taifa. Ujuzi wako, watu unaowafahamu, lugha uliyojifunza, hivyo ndivyo mbao zako.

*Alifika akatazama kwanza.* Siku tatu za mwanzo hakutangaza lolote. Alitoka usiku na watu wachache akakagua ukuta. Hakushuka na mpango uliokamilika kutoka ng'ambo na kuwaamrisha waliokuwepo miaka yote. Na ujenzi ulipoanza, kila kundi lilipewa sehemu yake, na wengine walijenga mbele ya nyumba zao. Ukuta ukakamilika kwa siku 52.

*Hakuwanyonya.* Hii ni sura ya 5, na ndiyo inayosahaulika. Maskini walikuwa wameweka rehani mashamba na hata watoto kwa ajili ya njaa. Nehemia alikasirika, akawakemea wakubwa, akajumuisha hata watu wake mwenyewe: riba ikome, mashamba yarudishwe. Na kwa miaka 12 hakula posho ya ugavana, kwa sababu watu walikuwa wameelemewa.

Sasa tujiulize kweli. Kijana anarudi Desemba na dola. Mjomba ana mgonjwa hospitali, anauza shamba haraka, kwa bei ya kutupa. Kijana analinunua, anapiga picha, anaandika "tunawekeza nyumbani". Kisheria hana kosa. Lakini mbele ya Nehemia 5 amesimama upande gani?

4. Kuhusu hela

Fedha zinazotumwa si jambo dogo. Kwa Kenya peke yake, mwaka 2024 waliotoka nchini walituma karibu dola bilioni 5 za Marekani, nyingi kuliko mapato ya kuuza chai nje. Nyuma ya tarakimu hizo kuna watu wanaobeba boksi, wanaoosha wazee, wanaoendesha malori usiku.

Mtume Paulo alikuwa mwenyeji wa Tarso, na alichangisha makanisa ya ugenini kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Kanuni zake bado zinafaa. Kila mtu aweke akiba kidogo kidogo kadiri ya kipato chake (1Kor 16:2). Mchango upimwe kwa kile ulicho nacho, si kwa kile usicho nacho, wala si shabaha kwamba wengine wapate raha na wewe ubaki taabani (2Kor 8:12-13). Na fedha zishikwe na watu waaminifu, hesabu ionekane (2Kor 8:20-21).

Kwa hiyo unaweza kusema "mwezi huu sina" bila kutenda dhambi. Dada aliyenyang'anywa pasipoti na mwajiri wake hadaiwi chochote na mtu. Wajibu wake wa kwanza ni uhai wake na kutafuta msaada. Na ninyi mlio nyumbani, anayepiga simu kuomba tu, asiulize hata "umekula?", naye anavunja pietas. Yule wa ughaibuni pia ni nchi yenu.

Lakini upande wa pili Yesu ni mkali. Katika Mk 7 anawakemea waliosema mali yao ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Korbani yetu leo ina majina mengi: "najijenga kwanza", "nina malengo". Malengo ni mema. Ila kama mama anakosa dawa za presha na wewe unabadilisha simu, usiyaite malengo.

5. Makaratasi

Je, kuchukua uraia wa nchi nyingine ni dhambi? Chenyewe, hapana. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki na uraia wake hata akipata mwingine. Tanzania kwa kawaida hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo Mtanzania analazimika kuchagua, na uchaguzi huo unauma. Mtu anaweza kubadilisha pasipoti kwa sababu halali za familia na kazi na bado akabaki na deni lake na upendo wake. Yusufu alikuwa mkubwa wa Misri, lakini aliwaapisha ndugu zake wabebe mifupa yake siku watakapoondoka (Mwa 50:25).

Tatizo ni uongo: kuficha pasipoti ya pili, kuapa huku unajua unadanganya. Na kuna kile mtaani kinachoitwa *kujilipua*, mtu kukana nchi yake na kujitungia kwao kwingine ili apewe hifadhi. Aliyekimbia mateso ya kweli hana cha kuona aibu, hata Familia Takatifu ilikimbilia Misri. Lakini aliyekana kwao anabeba mzigo mzito: hawezi kwenda kumzika baba yake, anaogopa hata kuongea Kiswahili mbele za watu. Petro naye alikana usiku ule, na lafudhi yake ya Kigalilaya ikamtaja (Mt 26:73). Kama ni wewe, Petro alilia akapokelewa. Nenda kwenye Kitubio. Kisha tafuta mwanasheria mwaminifu akuonyeshe njia ya kurekebisha.

6. Ni lazima kurudi?

Wengine waliitwa kurudi. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akapata shahada yake 1952, akarudi mwaka huo huo, akafundisha Pugu. Wangari Maathai alikwenda Marekani 1960, akasoma kwenye chuo cha Wabenediktini huko Kansas, akarudi Kenya 1966. Miti aliyoianzisha kupitia Green Belt kuanzia 1977 tunaijua.

Mtakatifu Josephine Bakhita hakurudi. Alitekwa Darfur akiwa mtoto, akauzwa, akafikishwa Italia, akawa huru na mtawa Mkanosa. Alifia Schio mwaka 1947. Katika miaka yake ya baadaye alikaa kwenye nyumba ya malezi ya masista wamisionari, na hivyo akaitumikia Afrika akiwa mbali, bila kuikanyaga tena. Tofauti ya hawa watatu iko kwenye wito. Upendo ni ule ule.

Basi usiulize kwanza "nirudi lini?" Uliza, "Bwana, ukuta upi uliobomoka umeniwekea mimi?"

Maswali ya tafakari

1. Mara ya mwisho niliuliza habari za nyumbani nikasikiliza jibu lote ilikuwa lini?
2. Je, kuna mtu nyumbani niliyemnyonya kwa sababu mimi nina hela na yeye hana? Nitamrudishiaje?
3. Nchi ninayoishi inapata nini kwangu zaidi ya jasho?
4. (Kwa walio nyumbani) Ninamuombea ndugu yangu aliye mbali, au ninamuomba tu?

Wiki hii: Danieli akiwa Babeli alisali mara tatu kwa siku, madirisha yakielekea Yerusalemu. Chagua saa moja ya siku, geukia upande wa kwenu, taja majina matano ya watu waliokulea, walio hai na marehemu. Kisha mpigie simu mmoja wao bila kuwa na shida yoyote.

Tusali: Ee Bwana Yesu, ulikuwa mgeni Misri, na uliulilia mji wa Yerusalemu. Tufundishe kuishi vema tulipo bila kusahau tulikotoka. Uwalinde walio safarini, uwafariji waliosubiri mlangoni, na mwisho utukutanishe sote katika nchi ya mbinguni ambayo sote ni wenyeji wake. Amina.

Mama Maria, Mfariji wa wahamiaji, utuombee.

Ni mimi Frateri wenu. Tuombeane.